Mvulana Akiwa Ashua, Msichana Akiwa Majoka

Leo nataka tuzungumze kuhusu kicheko, tena kicheko cha aina moja tu. Ni kile kinacholipuka katika ukumbi wa shule ya wavulana pale mwanafunzi wa kidato cha tatu anapoingia jukwaani amejifunga leso kiunoni na kilemba kichwani. Hajafungua kinywa, hajafanya kichekesho chochote, lakini ukumbi mzima umekwisha kuangua kicheko. Wengine wanapiga meza, wengine wanapiga mbinja. Kinachowachekesha ni kimoja tu: mvulana amevaa kama mama.

Sasa twende shule ya wasichana iliyo ng'ambo ya barabara, tamthilia ni ileile. Anaingia msichana amevaa koti la mwalimu linalomfika magotini, masharubu yamechorwa kwa masizi, mkononi ana bakora. Hapa utasikia vigelegele, kisha kimya. Wanataka kusikia mzee huyu atasema nini.

Nimefundisha Kiswahili na kusimamia chama cha drama kwa miaka mingi, na tofauti hii ya kumbi mbili imenikera muda wote huo. Msichana akicheza mwanamume tunamwona amepanda cheo. Mvulana akicheza mwanamke tunamwona ameshuka, na tunamcheka kwa huko kushuka. Watoto hawakuzaliwa na kicheko hicho. Wametufuata sisi watu wazima, na mara nyingi sisi walimu ndio tunaokaa mstari wa mbele tukicheka kwa sauti kuliko wao.

Tuanze na sababu ya jambo lenyewe, maana kuna wazazi wanaodhani kwamba mwalimu amezua tu. Shule zetu nyingi za bweni ni za wavulana peke yao au wasichana peke yao. Tamthilia zinazosomwa humo zina watu wa jinsia zote mbili, kama ilivyo dunia. Kwa hiyo shule ikitaka kuicheza tamthilia yoyote ya maana, lazima mtu avuke. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, vitabu hivyo viliingia madarasani kwetu, na wavulana wakajikuta na kazi. Katika Juliasi Kaizari wanawake wenye majina ni wawili tu, mke wa Kaizari na mke wa Bruto. Katika Mabepari wa Venisi kazi ni nzito zaidi: Portia ni mwanamke anayejifanya mwanasheria wa kiume ili akamwokoe rafiki ya mumewe mahakamani. Mvulana anayemcheza Portia anacheza mwanamke anayeigiza mwanamume. Asipomjua yule mwanamke wa kwanza, huyo mwanasheria wa pili hana pa kusimama.

Lakini sitaki tukae Venisi. Twende Sagamoyo, mahali pa kubuni katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyotahiniwa katika mtihani wa KCSE nchini Kenya kuanzia mwaka 2018. Walioisoma wanaikumbuka sehemu ya Ashua ofisini kwa Majoka, mtawala wa Sagamoyo. Ashua ni mke wa Sudi, mchonga vinyago. Soko la Chapakazi limefungwa, riziki imekatika, na njaa ya watoto ndiyo inayomsukuma mwanamke huyu hadi mbele ya mtawala. Majoka anamtaka. Amemtaka tangu zamani. Chumba ni chake, mlango ni wake, nchi ni yake. Halafu Husda, mkewe Majoka, anawafumania, na anayeangukiwa na hasira ni Ashua.

Nimeiona sehemu hii ikichezwa na wavulana watupu mara nyingi, na mara nyingi inaharibika vilevile. Kijana anayecheza Ashua anaingia kwa maringo. Anabana sauti mpaka inakuwa kama filimbi. Kifuani amejaza soksi, na moja imeanza kuteremka. Anapepesa macho. Majoka akimsogelea, anajilegeza na kuchekacheka, na wenzake kwenye benchi wanapiga makofi. Mwishowe tunachotazama si mama aliyeacha watoto nyumbani hawajala. Tunatazama wazo la kijana wa miaka 17 kuhusu mwanamke, na katika wazo hilo mwanamke anayetongozwa na mkubwa mwenye madaraka anafurahia. Jukwaa limemwambia kila mvulana mle ukumbini kwamba mambo ndivyo yalivyo. Halafu wiki inayofuata mwalimu huyohuyo anaingia darasani kufundisha dhamira ya unyanyasaji wa wanawake katika Kigogo, alama ishirini.

Nisikilizeni vizuri walimu wenzangu, kwa sababu hili linatengenezeka. Nimeona likitengenezwa, na halihitaji pesa.

Katika mazoezi, mwambie kijana avue hiyo leso kwanza. Avue na hizo soksi. Avae sare yake ya kawaida, suruali na shati, na aseme maneno ya Ashua kwa sauti yake mwenyewe, hata kama sauti hiyo imeshakuwa nzito. Kisha mwulize maswali ya mtu, usimwulize maswali ya mwanamke. Umetoka nyumbani saa ngapi? Watoto umewaacha na nani? Mumeo anajua uko wapi? Katika chumba hiki mlango uko upande gani, na kati yako na mlango yuko nani? Hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi. Kijana mmoja niliyemwuliza swali hilo aligeuka, akatazama, akagundua kwamba Majoka amesimama katikati. Tangu hapo hakupepesa macho tena. Kila Majoka alipopiga hatua, yeye alizunguka meza bila kuonekana anazunguka, akitabasamu kwa adabu kama mtu anayehitaji msaada na hathubutu kumuudhi anayeombwa. Mikono yake, ambayo hapo awali ilikuwa ikipepea, iliushika mkoba na kutulia pale.

Siku ya onyesho alivaa leso. Alipoingia walicheka, ndiyo, hilo la kwanza halikwepeki. Lakini Majoka alipomshika bega kile kicheko kilikatika kama redio iliyoisha betri. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Ukumbi wa wavulana mia kadhaa ulikuwa umekaa kwenye kiti cha Ashua, na wengi wao sidhani waliwahi kukaa hapo.

Hiki ndicho nilichokuja kukitetea leo. Mvulana aliyepewa nafasi ya mwanamke amepewa nafasi ya kujua, kwa mwili wake mwenyewe, jinsi chumba kinavyoonekana kwa mtu asiye na nguvu humo ndani. Hakuna insha itakayomfundisha hivyo. Tukimwacha aigize kisauti na kiuno, tumemnyang'anya nafasi hiyo, na badala yake tumempa kibali cha kuwadhihaki dada zake mbele ya hadhara.

Jambo hili si geni duniani. Waliowahi kulishika kwa uzito walipata makubwa. Huko London enzi za Shakespeare wanawake hawakupanda jukwaa la biashara. Wahusika wa kike walichezwa na wavulana na vijana waliokuwa wakijifunza kazi chini ya waigizaji wakubwa. Kumbi zilifungwa mwaka 1642 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na zilipofunguliwa tena mwaka 1660 ndipo wanawake walipoanza kuigiza. Tarehe 8 Desemba mwaka huo, Desdemona wa Othello alichezwa na mwanamke. Sasa fikiri. Lady Macbeth, Portia, Cleopatra, wote waliandikwa huku vinywa vitakavyosema maneno yao vikiwa vya wavulana. Mwandishi hampi mtu maneno ya Cleopatra akijua kwamba mtu huyo ataingia kuchekwa. Tena Shakespeare alithubutu zaidi: anamfanya Cleopatra, anayekaribia kufa, aogope kwamba huko Roma mvulana mwenye sauti ya kukwaruza atamwigiza na kumdhalilisha. Na anayesema maneno hayo jukwaani ni mvulana! Ungekuwa uamuzi wa hatari kabisa kama kijana yule hakuwa ameshawashika watazamaji wote mkononi.

Japani nako kabuki ilianzishwa na mwanamke, Okuni, mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1629 serikali ikawapiga wanawake marufuku jukwaani, na hatimaye kukatokea wanaume waliojitolea maisha yao yote kuigiza wanawake, sanaa inayorithishwa hadi leo. Na upande wa pili wa sarafu, tangu mwaka 1914 katika mji wa Takarazuka kumekuwa na maonyesho ya kundi la wanawake watupu. Wanaotaka kuingia husoma kwanza miaka miwili katika shule ya kundi hilo, na wanaochaguliwa kuwa wanaume huendelea kwa miaka kujifunza namna ya kusimama, kuketi na kuvaa kofia. Miaka! Nasi tunampa msichana wetu kipande cha makaa achore ndevu, tunamwambia, haya, nenda kawe rais.

Maana na wasichana wana la kwao, ingawa wao hawachekwi. Tatizo lao ni kelele. Msichana akiambiwa acheze mwanamume mwenye madaraka, huchota sauti kutoka chini kabisa ya koo, anafoka kuanzia sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kufikia siku ya mashindano ya kaunti sauti imekauka, anapewa asali na tangawizi. Anatembea kama askari wa gwaride. Mto umefungwa tumboni kwa kamba. Huyo naye si mtu, ni woga wetu wa wanaume uliovalishwa koti.

Msichana mmoja aliyemcheza Majoka alihangaika hivyo kwa majuma, mpaka mwenzake mmoja, si mimi mwalimu, akamwambia jambo la akili: baba yangu akiwa na hasira hasemi. Wakajaribu. Majoka akakaa. Akakaa tu, mgongo umeegemea, na kila aliyetaka kusema naye akalazimika kumfuata alipo, kuinama, kungoja. Sauti akaishusha mpaka ikawa ya kawaida, ile yake ya kila siku bwenini. Ghafla yule mtawala akatisha kweli. Msichana yule aliniambia baadaye kwamba ilimsumbua kuona ni rahisi kiasi gani, kwamba ukishapewa kiti na watu wakakubali kusimama, kazi kubwa imekwisha kufanyika bila jasho lako. Amejifunza siasa hapo, tena mapema kuliko wengi wetu.

Wasichana wetu wameshaonyesha kwamba uzito huu wanauweza. Mwaka 2013 wanafunzi wa shule ya Butere Girls walikuwa na mchezo uitwao Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala. Ukazuiwa usichezwe katika tamasha ya kitaifa, na Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Nchi nzima ilibishana kuhusu ukabila, mafuta na uhuru wa kusema. Shule ya wasichana ilikuwa imetikisa wakubwa, wala sikumbuki mtu akiuliza kwa nini wanaume wa mchezo ule wanachezwa na wasichana. Swali hilo lilikuwa dogo mno mbele ya walichokuwa wakikisema.

Najua msikilizaji mmoja amekwisha kushika simu. Anataka kuniuliza kuhusu dini. Wako Waislamu wanaoikumbuka hadithi ya Mtume inayokataza mwanamume kujifananisha na mwanamke na mwanamke kujifananisha na mwanamume, na wako Wakristo wanaofungua Kumbukumbu la Torati 22 wakanisomea kuhusu mavazi. Siwabezi. Mimi mwenyewe nina dini yangu, na mzazi anayeniletea wasiwasi huo nampokea kwa heshima yake. Mtoto ambaye imani ya kwao hairuhusu asilazimishwe hata kidogo. Chama cha drama kina kazi tele: kuna masimulizi, mashairi ya kughani, taa, ngoma, kuna kuwakumbusha maneno waliosahau. Na hata kwa wanaocheza, haya yote niliyoyaeleza yanafanyika bila nguo za kike. Leso moja begani juu ya sare inatosha kumwambia mtazamaji kwamba huyu ni mama. Wigi na rangi za midomo havijawahi kuokoa onyesho baya. Vitu hivyo huletwa kwa ajili ya kile kicheko.

Kuna na mzazi mwingine, huyu haji na maandiko, anakuja na woga. Anahofia kwamba mwanawe akicheza mwanamke atageuka. Mama, baba, nawasikia, lakini tumekulia kwenye hadithi. Bibi zetu walipotusimulia usiku walikuwa fisi, wakawa sungura, wakawa mfalme anayeamuru watu wanyongwe, na sauti ya mfalme ilitoka kwa bibi kizee aliyejifunga leso. Asubuhi bibi alikuwa bibi, anachochea uji. Hakuna aliyemwogopa. Tulimheshimu zaidi kwa sababu alijua kuwa watu wote hao.

Kinachomdhuru mvulana, na hapa nasema kwa uchungu, ni kinachofuata baada ya pazia. Kuna shule ambako kijana aliyecheza vizuri mno alibaki kuitwa kwa jina la yule mwanamke tangu muhula ule mpaka alipomaliza kidato cha nne. Walimwita bwenini, kwenye foleni ya chakula, uwanjani. Baadhi ya walimu nao walimwita hivyo, wakidhani ni utani wa upendo. Kijana hakurudi jukwaani tena. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa wengi, na tulikipoteza kwa jina la utani. Mwalimu wa drama ana wajibu hapa, na si mdogo. Siku ya pili baada ya onyesho, paredi ya asubuhi, mwiteni kijana mbele kwa jina lake kamili, mseme alichofanya, msifuni kwa ufundi wake kama mnavyomsifu aliyefunga bao. Na mwalimu anayeendeleza lile jina akatazwe na mwalimu mkuu, waziwazi.

Msichana aliyecheza Majoka haitwi Majoka kwa kumuumiza. Akiitwa, anaitwa kwa kuogopwa na kuheshimiwa, na anatembea kifua mbele. Tazama mizani hiyo msikilizaji, uniambie iko sawa.

Nilisema kwamba watoto hufuata wakubwa, na siku hizi wakubwa hao wamo kwenye simu. Wachekeshaji wengi wa mitandaoni ni wanaume wanaovaa kanga na wigi. Wengi wao wanatoa kicheko kilekile rahisi, nami sina haja ya kuwataja. Lakini mtazame mchekeshaji Flaqo akiwa mhusika wake, Mama Otis. Tunacheka, tena sana, ila tunacheka kwa sababu tunamtambua: ndivyo mama anavyokuita kutoka chumba kingine, ndivyo anavyokagua sufuria, ndivyo anavyomaliza ugomvi kwa kukuuliza kama umekula. Yule kijana amemtazama mama mmoja kwa makini na kwa mapenzi. Kwa hiyo sisemi kwamba mvulana anayecheza mwanamke asichekeshe. Vichekesho vimo hata kwenye tamasha za shule, na ni sanaa ngumu. Nataka tu anayechekwa awe mtu fulani tunayemjua, mwenye tabia zake, asiwe ni mwanamke kwa kuwa ni mwanamke.

Waamuzi wa tamasha wangeweza kutusaidia sana. Mwamuzi anaposimama mwishoni kueleza alichokiona, shule zote zinaandika. Aseme, mbele ya wote, kwamba ile sauti ya filimbi imeiondolea shule alama, kwamba Ashua wa jana hakuwa na njaa wala watoto. Msimu unaofuata hutaisikia sauti hiyo tena katika eneo lile zima. Ninavyowajua walimu wa drama, alama wanazifuata kuliko mawaidha yangu.

Na shule za mchanganyiko je? Huko wavulana wapo na wasichana wapo, kila mtu anapewa jinsia yake, na mambo yanakwisha. Naona ni hasara. Siombi wabadilishe siku ya mashindano. Naomba wabadilishe darasani, siku ya kusoma tamthilia kwa sauti, ambapo hakuna maleba wala hadhira. Iwe Kigogo, iwe Bembea ya Maisha, iwe yoyote iliyo mezani mwaka huo. Msichana asome Majoka, mvulana asome Ashua, Husda naye asomwe na mvulana mwingine. Kipindi ni dakika 40. Sehemu ile ya ofisini mnaimaliza mapema, na muda unaobaki mwalimu asiandike kitu ubaoni. Amwulize kwanza yule mvulana ni wakati gani hasa alitaka kutoka chumbani, na kitu gani kilimzuia. Akishajibu, wasichana waulizwe kama amepatia.